Magari ya harusi kutoka Bel-Air, na dereva aliyekataa kushindana

Kama una harusi Lubumbashi kiangazi hiki na bado unatafuta magari ya msafara, kuna mzee mmoja katika mtaa wa Bel-Air ambaye ningemtetea mbele ya yeyote. Hana kibao mlangoni wala ukurasa mtandaoni. Sifa zake zinapita kutoka familia moja hadi nyingine. Ana magari manne ya kukodisha, madereva wake ni watu wazima, na ana sharti ambalo limemkosesha wateja wengi: magari yake hayashindani na mtu. Nimekaa kuandika kwa ajili ya sharti hilo. Maua na riboni nitavigusa, ila kwa ufupi.

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari. Bibi harusi ni mtoto wa mdogo wangu, kwa hiyo mimi ndiye mama mkubwa, na kazi ya magari nikapewa mimi. Niliichukua kwa moyo wote, maana Jumamosi za Julai na Agosti katika mji huu nazijua. Simama saa tisa alasiri kando ya barabara ya Kasapa, ile inayokwenda chuo kikuu, utaona misafara miwili au mitatu ikifuatana. Honi hazinyamazi. Vijana wamekalia madirisha, miguu ndani, kiwiliwili chote nje. Mpiga kamera amepanda juu ya buti ya gari la mbele, mgongo wake umeelekea kule wanakokwenda, ili ampate bibi harusi vizuri. Pikipiki zinapita kulia na kushoto gurudumu la mbele likiwa hewani. Misafara miwili ikikutana, basi. Hakuna aliyepiga filimbi, hakuna aliyetaja zawadi. Gari moja linaongeza, la pili linajibu, na watu waliovaa suti na magauni ya satini wanajikuta ndani ya mashindano ambayo hawakuyaomba.

Tukisema mashindano ya barabarani, wengi wanawafikiria vijana wa usiku na magari yaliyochokonolewa injini. Wapo, na barabara ndefu zilizonyooka wanazijua. Lakini mashindano mengi niliyoyaona kwa macho yangu yalifanyika mchana kweupe, mbele ya wazazi, na wazazi ndio waliokuwa wakilipa.

Kabla ya kufika Bel-Air niliulizia kwa watu wengine wawili, ambao sitawataja. Kwa wa kwanza kijana alinionesha video kwenye simu yake, akaniambia kwa adabu kabisa: "Mama, kama mnapenda shangwe, tunaongeza pikipiki tatu za mbele. Wale wanajua kucheza." Bei ya mchezo huo ilikuwa imeandikwa chini ya bei ya maua, kwenye karatasi ileile. Nikamuuliza nani analipa hospitali wakianguka. Akasema hawajawahi kuanguka. Kwa wa pili niliinama kutazama tairi za gari la bibi harusi, nikakuta zimelika mpaka mistari haionekani. Nilimshukuru nikaondoka.

Mzee wa Bel-Air alinipokea uani, chini ya mwembe, na kabla ya kunitajia bei aliniuliza maswali yeye. Tunapita wapi? Tunatoka komini, ile ofisi ya serikali inayoandikisha ndoa, saa ngapi, misa inaanza saa ngapi? Nani anapiga picha, na huyo mpiga picha ana tabia gani? Upande wa bwana harusi wana vijana wa pikipiki? Zamani aliendesha malori ya shaba kwenda Kasumbalesa, na anaongea polepole kama mtu aliyezoea kukaa na usukani peke yake. Kisha akatoa karatasi yenye masharti kwa Kifaransa, akanisomea kwa Kiswahili, moja baada ya jingine, huku akinitazama kuona kama nimeelewa.

Ndani ya mji dereva hapiti kilomita 40 kwa saa. Kila aliye ndani anakaa ndani, na wenye viti vya mbele wanafunga mkanda. Mpiga kamera hapandi juu ya gari. Msafara utasimama mahali patatu palipokubaliwa, ashuke, apige atakavyo, apande. Pikipiki ikianza kucheza mbele ya gari la bibi harusi, dereva anasogea kando na kusimama mpaka imalize. Na pesa ya kumtuza dereva haitolewi barabarani kwa namna yoyote, inatolewa mkishafika. Mteja akilazimisha, gari linaegeshwa pale lilipo na amana hairudi.

Hilo la pesa nililipenda kuliko yote. Katika misafara yetu noti inatoka dirishani wakati gari linatembea, na kila noti ni amri. Dereva aliyepewa franka 5,000 baada ya kulipita gari la jirani ameelewa ni kwa nini amepewa, na atafanya tena. Kijana wa pikipiki aliyetupiwa noti akiwa kwenye gurudumu moja ataongeza sekunde kwenye gurudumu hilo. Sisi tulioketi nyuma tunapiga makofi na kusema vijana wa siku hizi hawaogopi, wakati mkono ulioshika noti ni wetu. Mzee aliniambia amewahi kuwaachisha kazi madereva wawili wazuri kwa sababu hiyo tu, kwamba walishindwa kukataa pesa ya dirishani.

Kuna jambo jingine alilolipanga ambalo sikulitegemea kwa mtu asiye mwalimu wa fizikia. Msafara una tabia yake. Gari la mbele likienda kilomita 40, la mwisho likakatwa na lori kwenye makutano, basi ili lifike mkiani tena linapaswa kwenda 70 au 80. Aliye mbele anaamini msafara unatembea taratibu. Aliye nyuma anakimbia kama mwizi, na watoto wa familia mara nyingi ndio wamepakiwa humo nyuma. Dawa yake ni nyepesi: kila dereva anaijua njia yote na ana vituo vya kukutania. Ukikatwa, hukimbizi. Unakuja kwa mwendo wako, wenzako wanakungoja kituoni. Siku ya harusi yetu gari la tatu lilikatwa kabla ya kufika kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo. Tuliegesha tukangoja, shangazi mmoja akalalamika kidogo, gari likafika, tukaenda.

Kwa nini 40? Nilimuuliza, akasema ndivyo alivyozoea. Basi nitasema mimi, maana hili nalifundisha. Dereva aliye macho anahitaji karibu sekunde moja tangu aone hatari mpaka mguu ukanyage breki, na katika sekunde hiyo gari linaendelea kama kawaida. Kwenye lami kavu na tairi nzuri, ukiwa kwenye 40 utasimama baada ya mita 20 hivi kwa jumla. Ukiwa kwenye 80 utahitaji mita 57 au zaidi, na kwenye 100 zaidi ya 80. Kasi ikiwa mara mbili, nishati ya mwendo inakuwa mara nne. Hesabu hiyo haibadiliki kwa sababu mtu ni fundi wa usukani. Wanafunzi wangu huwa wananyamaza ninapowaambia kwamba kugonga ukuta kwa kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka karibu mita 10, dirisha la ghorofa ya tatu, na kwa 100 ni karibu mita 40. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani mwaka 2021, na kwamba hakuna kinachoua zaidi watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Darasa langu lote limo ndani ya umri huo.

Na hesabu hizo ni za lami kavu. Kandokando ya barabara zetu kuna mchanga mwekundu unaomwagwa na malori, kuna mama aliyepanga mikate kwenye meza hatua mbili kutoka kwenye magari, kuna watoto wanaovuka wakimfuata ndugu mkubwa. Hao hawakualikwa harusini. Kijana anayesema maisha ni yake na atayachezea apendavyo, meza ile ya mikate si yake.

Sasa siku yenyewe. Tulitoka komini ya Kampemba, tukaenda kanisani, tukapiga picha kwenye bustani ya wanyama, kisha ukumbini njia ya Kasapa. Ni huko Kasapa tulipopitwa. Msafara mwingine, magari labda kumi, ulikuja nyuma yetu kwa honi na kelele, na wale vijana wakatushikia bega kwa bega, mmoja amenyoosha mkono nje anatuita tukimbie. Mimi nilikuwa gari la pili pamoja na vijana wa kwetu. Damu iliwachemka, nami nawaelewa. Huna miaka ishirini bila kuwa na damu hiyo. Mmoja akampiga dereva begani: "Papa, banatupita! Ongeza!" Dereva hata hakugeuka. Akasema: "Baache bapite. Siye tunajua kwenye tunaenda." Akapunguza kidogo, akasogea kulia, akawapa njia yote.

Kupunguza kule ndiko ninakotaka mkuone. Kutoongeza peke yake hakutoshi, kwa sababu gari linalokupita likikutana na lori usoni linahitaji mahali pa kurudi. Ukipunguza umelifungulia mahali. Dereva yule aliwalinda hata waliokuwa wakimtukana. Kijana wetu alinuna mpaka ukumbini, na nilimwacha anune.

Pikipiki ni habari nyingine, na hapa huduma ya Bel-Air haiwezi kukusaidia sana, kwa kuwa mzee hakodishi pikipiki na hazitaki. Rafiki za bwana harusi walikuja na zao, wengine wakiwa manseba, yaani waendesha pikipiki za abiria, waliokodiwa kwa saa mbili. Nje ya kanisa niliwafuata. Niliwasalimu, nikawauliza wametoka wapi, nikawaambia tutawapa mafuta wote, ila waende nyuma ya msafara. Mmoja alinionesha kaske yake, kofia ngumu ya pikipiki, nzuri kweli, inayofunika uso wote, yenye alama ya herufi E ndani ya duara. Nikamwambia ninafurahi kuiona, aivae na aifunge mkanda wake, kwa sababu kaske inaokoa vichwa kweli. Kisha nikamwambia lile ambalo wauzaji hawasemi: katika vipimo vya Ulaya vilivyotoa alama ile, vya toleo la 22.05, kaske inaangushwa juu ya chuma kwa mita 7.5 kwa sekunde. Hizo ni kilomita 27 kwa saa. Hakuna aliyeijaribu kwa ajili ya mtu anayegonga nguzo kwa 90.

Mwenzake akasema, "Mama, Mungu anatulinda." Nikamjibu kwamba nami naomba amlinde, lakini Mungu hakumtuma kusimamisha pikipiki kwenye gurudumu moja mbele ya kanisa lake. Hawakucheka. Watatu walikubali kwenda nyuma, wawili walikataa wakaondoka mbele kwa kishindo. Nawaza bado juu ya wale wawili. Katuba, mtaa nilioishi nilipoanza kazi, kuna kijana aliyekuwa amepanda nyuma ya rafiki yake katika msafara kama huu. Rafiki aliinua gurudumu, yeye akateleza. Leo ana mke na mtoto, na mguu wa kushoto anauburuta. Rafiki yake alimtembelea hospitali mara ya kwanza, kisha aibu ikamshinda, hawaonani tena. Hakuna aliyempeleka mtu mahakamani. Waliokuwa wakitupa noti siku ile, hata majina yao hakuyajua.

Nilipoona mjomba wa bwana harusi ana bahasha ya noti mkononi, nilimwendea. Mtu mzima, wa upande wa wakwe, hawezi kukemewa; nilipiga goti kidogo nikamwomba. "Papa, hizi pesa ni baraka. Tuzitoe ukumbini, kila mtu azione, na watoto wazipokee wakiwa wamesimama." Alikubali upesi kuliko nilivyotarajia. Nilimwona baadaye amerusha noti moja dirishani, moja tu, na ile bahasha nyingine yote ilifunguliwa ukumbini kwa vigelegele. Waandaaji wa harusi, hilo linawezekana. Halihitaji polisi, wala halihitaji ugomvi na wakwe.

Chini ya karatasi ya mzee kuna mistari ya sheria aliyoandikiwa na mpwa wake mwanasheria. Kifungu cha 52 cha kanuni ya adhabu ya Kongo kinamtaja kuwa na hatia yule aliyesababisha kifo au majeraha kwa kutoona mbele au kukosa tahadhari, hata kama hakukusudia. Kifungu cha 53 kinatoa kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2 mtu akifa. Kifungu cha 258 cha sheria ya madai kinamtaka aliyeleta hasara kwa kosa lake ailipe. Mzee anawasomea madereva wake mistari hiyo, na anamsomea mteja pia, akisisitiza kwamba dereva hawezi kujitetea kwa kusema mwenye harusi ndiye aliyemwambia. Nakubaliana naye. Mguu uliokanyaga mafuta una mwenyewe. Ila mimi naenda mbele zaidi yake: aliyesema "ongeza" na aliyetoa noti, hata kama hakimu hatawaita, wanayo sehemu yao katika yatakayotokea, na wanapaswa kuijua kabla ya kufungua mdomo au mkoba.

Sifa zimetosha, sasa kasoro. Bei iko juu: dola 90 gari la bibi harusi, dola 60 kila gari jingine, mafuta yakiwa ndani. Kwingine nilitajiwa pungufu. Mapambo ni dhaifu, riboni za gari la pili zilifunguka kabla hatujafika kanisani, na maua ni ya plastiki. Leteni ya kwenu. Gari la tatu halina kiyoyozi, na kwa vumbi la Julai huwezi kufungua vioo, kwa hiyo wazee waliokuwa humo waliteseka. Hilo nililimwambia mzee uso kwa uso, akasema anatafuta kompresa. Pia tulifika ukumbini tukiwa nyuma ya ratiba, kwa ajili ya kungojana. Mshereheshaji alinung'unika, wageni hawakunung'unika.

Jambo la kuangalia zaidi ni gari la nne, ambalo usukani wake uko kulia, kama magari mengi yanayotufikia kutoka Japani kwa njia ya Dar es Salaam na Zambia. Sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo dereva wa gari hilo akiwa nyuma ya lori haoni kinachokuja mpaka ametoa karibu gari zima nje. Kupita lori kwa gari la namna hiyo ni kubahatisha, na kushindana nalo ni kubahatisha kila sekunde. Dereva wake anajua, hapiti kitu. Hata hivyo mimi ningemwomba mzee aliweke hilo kwa safari fupi za kubeba chakula na viti, na watu wapande mengine.

Usiku ndio ulionithibitishia kwamba pesa yetu haikupotea. Julai, jua linazama kama saa kumi na mbili jioni, na ukumbini bia za Simba baridi zilikuwa mezani tangu alasiri. Madereva wanne walikaa meza yao karibu na mlango wakinywa sukre, yaani soda, wakala vizuri, na walipoitwa kuwarudisha wazee nyumbani kila mmoja alisimama wima na funguo mkononi. Magari mengine ya wageni yalitoka uani kwa kasi niliyoisikia mpaka ndani.

Wanaotaka kumkodi: magari yake huisha mapema kwa Julai na Agosti, kwa hiyo nendeni angalau mwezi mmoja kabla. Mfike wenyewe Bel-Air, ulizeni kwa mzee wa magari ya harusi aliyekuwa dereva wa malori. Mafundi wa pale wanamjua. Anachukua nusu kama amana na anatoa risiti. Nendeni na mpiga kamera wenu, maana atataka kuzungumza naye kabla ya kusaini, na nendeni na mtu mmoja kutoka upande wa pili wa familia, asikie masharti kwa masikio yake, hasa kama ndiye atakayeshika bahasha.